Mgonjwa wa Masindi

Bosire Omariba alianza kupanga safari ya Uganda mwezi wa Machi, na kufikia Juni hakuna jambo lililokuwa limebaki bila mstari wake kwenye daftari. Alikuwa amefanya kazi ya ukarani katika kituo cha kupimia majani chai kwa miaka thelathini na moja, na mtu akipima majani ya watu miaka yote hiyo hujifunza kwamba kitu kisichoandikwa huleta maneno. Kwa hiyo aliandika. Aliandika saa ambayo basi la Kampala hupita mjini Kericho. Aliandika umbali kutoka Kampala hadi Masindi, na kutoka Masindi hadi kwenye maporomoko yenyewe. Aliandika kwamba mpakani kitambulisho kinatosha, na chini yake akaandika majina ya watu wawili tofauti waliomwambia hivyo. Asubuhi moja alimwomba mke wake wabebe mifuko miwili na kutembea nayo hadi barabarani, ili ajue safari hiyo inachukua dakika ngapi. Ilichukua ishirini na mbili. Wakageuka, wakarudi nyumbani, akaandika.

Wangekaa siku sita. Majani yao yalichunwa kila baada ya siku nane, kwa hiyo wangeondoka kesho yake baada ya kuchuna, na wakirudi wangekuwa na siku moja ya kupumzika. Ng'ombe angekamuliwa na jirani yao Chepkirui, ambaye alikuwa ameshakubali na hata kuuliza kama maziwa ya jioni yatakuwa yake.

Maporomoko hayo Nyabate, mke wa Bosire, aliyaona kwenye kalenda. Kalenda ilitolewa bure na duka moja la dawa za mifugo huko Ndanai, na mwezi wa Agosti ulikuwa na picha ya mto Nile ukijibana wote katika ufa wa mawe usiozidi upana wa nyumba, kisha kuanguka chini. Agosti iliisha, Septemba ikaingia, lakini Nyabate hakuigeuza kalenda. Nyumba yao ilikaa katika mwezi wa Agosti mpaka Krismasi. Mwishowe Bosire akauliza.

"Mama Esnah, hiyo picha ina nini?"

"Haina mtu," Nyabate akasema.

Bosire hakuwa mtu wa kukata neno haraka. Alikaa na jibu hilo siku mbili, akiligeuza huku na huku, na siku ya tatu akalielewa. Katika miaka yao thelathini na minane ya ndoa Nyabate alikuwa amesafiri sana. Alikuwa ameenda Londiani kwa mazishi, Bomet kuwaona wagonjwa, Kisii kwa mambo ya mahari, na kila mahali alikwenda na kiondo mapajani na chupa ya chai katikati ya miguu. Akifika, aliingizwa ndani, akakaa, akasema pole au hongera, akanywa chai, akaombewa, akarudi. Londiani alikuwa amefika mara tisa. Ukimuuliza Londiani inafanana vipi, angeweza kukueleza kuhusu viti.

"Nikistaafu tutaenda," Bosire alimwambia wakati huo. "Tuangalie, halafu turudi."

"Hatutaingia kwa mtu?"

"Hatutaingia kwa mtu."

Sasa alikuwa amestaafu, na bonasi ya majani ilikuwa imeingia.

Shida ilianzia kituoni, Jumatatu, watu wakiwa kwenye foleni na magunia yao. Weldon Kipkosgei, aliyepakana na shamba la Bosire upande wa chini, alimvuta kando.

"Karani, nasikia mnaenda Uganda."

"Tunaenda."

"Kwa nani?"

"Si kwa mtu. Tunaenda kuangalia maporomoko."

Weldon alingoja maneno yaendelee. Yalipokosa kuendelea, akajaribu njia nyingine. "Sawa. Lakini mtafikia kwa nani?"

"Kwa hoteli."

"Hoteli ni ya nani?"

"Mwenyewe simjui."

Weldon akamshika bega. "Pole sana," akasema, akarudi kwenye foleni.

Kufikia Jumatano ilijulikana kwamba Nyabate alikuwa na ugonjwa ambao hospitali zimeushindwa. Kufikia Alhamisi kulikuwa na wengine waliosema si ugonjwa, ni mganga, na wengine waliosema si mganga, wameuza shamba kimyakimya na hawarudi. Lakini wengi walishikilia ugonjwa. Wanawake waliokuwa wakimpigia Nyabate kelele kutoka ng'ambo ya shamba sasa walikuja hadi alipo, wakamshika mkono kwa mikono miwili na kumsalimu kwa sauti ya chini. Chepkirui alikuja kusema kwamba maziwa ya jioni hayataki tena, atamkamulia tu, Mungu anaona.

"Kwani nimefanya nini?" Nyabate akauliza.

"Hujafanya kitu, mama," Chepkirui akasema, akafuta macho.

Ijumaa alasiri akaja Aron, mzee wa kanisa, kofia mkononi. Bosire alikuwa katibu wa kanisa hilo, na Aron alimwita hivyo hata nje ya mikutano.

"Katibu, mimi sikuja kuuliza maswali," Aron akasema alipokwisha kukaa. "Nimekuja kukaa tu na wewe."

Walikaa.

"Lakini kama ni Mama Esnah," Aron akaendelea, "usibebe peke yako. Watu wanaumia. Mama Marcella hajala tangu jana."

Bosire alitazama nje, ambako mke wake alikuwa akikata nyasi za ng'ombe kwa nguvu ya mtu asiye na ugonjwa wowote. Aliona kwamba njia ya kusema kweli ameshaijaribu kituoni na imezaa haya. Aliona pia kwamba jina la mke wake sasa liko midomoni mwa watu pamoja na neno mganga. Hakuwa amewahi kusema uongo wa kupangwa, na labda ndiyo sababu uongo wenyewe ulimtoka bila mpango.

"Si Mama Esnah," akasema. "Kuna mtu kule Masindi. Tunaenda kumwona."

Uso wa Aron ukafunguka kama dirisha. "Kumbe! Sasa si ungesema? Ni nani?"

"Oyaro."

"Oyaro yupi?"

"Tulifanya kazi naye zamani. Akahamia kule."

"Anaendeleaje?"

Hapo ndipo Bosire angeweza kusema kwamba Oyaro ni mzima, na mambo yangeishia hapo. Lakini alitaka kuwa mwangalifu. "Si vibaya sana," akasema.

Huku kwetu, mtu anayeendelea si vibaya sana ni mgonjwa. Aron aliweka kofia mezani. "Ni nini?"

"Mguu."

"Upi?"

"Wa kushoto," Bosire akasema, kwa sababu mtu aliyezoea kujaza fomu haachi nafasi wazi.

Aron alipoondoka, Bosire alimweleza mke wake yote, kwa utaratibu, bila kuruka neno. Nyabate alisikiliza mpaka mwisho akiwa ameegemea panga.

"Ana mke?" akauliza.

"Nani?"

"Oyaro."

"Sijafika hapo."

"Fika," Nyabate akasema. "Watakuuliza."

Jumapili mguu wa Oyaro uliombewa kanisani, na maombi hayo hayakuwa mafupi. Baada ya ibada watu walimzunguka Bosire wakiwa na furaha ya watu walioondolewa wasiwasi. Nyabate hakuwa mgonjwa, shamba halikuuzwa, safari ilikuwa safari ya kawaida. Mama Marcella, mwenyekiti wa akina mama wanaotembelea wagonjwa, aliuliza kama mke wa Oyaro bado yupo, na Bosire akasema yupo, anaitwa Kwamboka. Akashangaa jinsi jina lilivyokuja kirahisi.

Lakini aliyemshangaza zaidi ni Weldon.

"Oyaro!" Weldon akasema. "Si yule mrefu?"

"Wa wastani," Bosire akasema.

"Ndiye huyo huyo. Mweusi kidogo. Tuligombana mimi na yeye."

"Mligombana?"

"Pale kituoni, miaka ya tisini. Alisema majani yangu yana maji, nikamtukana mbele ya watu. Sikuwahi kuomba msamaha." Weldon alishusha sauti. "Karani, hiyo kitu imekaa hapa kifuani miaka yote. Sasa nasikia anaumwa mguu, na mimi nilimwambia avunjike mguu."

Kwa nusu dakika hivi Bosire alijiuliza kama kweli hapakuwahi kuwa na Oyaro.

Wiki hiyo vitu vilianza kufika. Mama Marcella alileta sweta ya buluu aliyoifuma mwenyewe kwa siku tatu, upande wa kushoto ukiwa mrefu kidogo ili ifunike nyonga ya mguu unaouma. Chepkirui alileta mursik, yaani maziwa ya mgando, katika kibuyu kipya kilichozibwa vizuri, akisema mifupa inataka maziwa yenye makaa, si ya pakiti. Wengine walileta majani chai, unga wa wimbi, dawa ya kuchua iliyokaribia kuisha, na kuku mmoja jogoo. Bosire aliandika kila kitu na jina la aliyeleta. Ukurasa wa safari ulikuwa na mistari kumi na minne. Ukurasa wa Oyaro ulifika ishirini na saba.

Alhamisi Aron alirudi, safari hii na karatasi. Kanisa lilikuwa limekaa na kuona kwamba si vizuri Katibu na Mama Esnah kubeba mzigo huo peke yao. Wajumbe wanne wangeandamana nao: Aron mwenyewe, Mama Marcella, Chepkirui, na Weldon, ambaye alikuwa na jambo la binafsi. Ng'ombe wa watu wote wangekamuliwa kwa zamu. Ratiba ilikuwa tayari. Aron aliisoma polepole: kuwasili, kukaribishwa, neno la utangulizi, kumwona mgonjwa, maombi, chai, maneno kutoka kwa wajumbe, chakula, maombi ya kufunga. Siku ya pili ilikuwa kama ya kwanza, ila neno la utangulizi lingetolewa na Mama Marcella.

Nyabate alikuwa amesimama mlangoni. "Na maporomoko?" akauliza.

Aron aliangalia karatasi mbele na nyuma. "Kama muda utaruhusu," akasema.

Alipokwenda zake, Nyabate alikaa kwenye kiti alichokuwa amekalia Aron.

"Baba Esnah, mimi siendi."

"Safari ni yako."

"Ilikuwa yangu. Sasa ni ya Oyaro." Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomtia Bosire wasiwasi. "Wewe nenda nao. Mpe pole. Mwambie Kwamboka nimemsalimu. Mimi miaka thelathini na minane nimeshika kiondo, naweza kukishika tena, lakini si mpaka Uganda."

Bosire alichukua daftari, akakaa chini ya paa la zizi na kufikiri kwa kuandika, kama alivyozoea. Aliandika: Akipona, hakuna sababu ya kwenda. Akizidiwa, watakwenda wengi zaidi. Akifa, kanisa litakodi basi. Alizisoma sentensi hizo mara tatu. Hazikuwa na kosa popote. Aliona kwamba Oyaro, kwa hali yoyote ile, alikuwa mtu wa kusumbua, na kwamba limebaki jambo moja tu la kufanya naye.

Jumapili, baada ya ibada, wakati wa matangazo, Bosire aliomba nafasi. Alisimama mbele akavua kofia. Alikuwa amepanga maneno yake vizuri, kwanza hili, kisha lile, lakini alipowaona wote wakimtazama kwa wema, la kwanza likakataa kutoka. Alikohoa. Akatazama chini.

Mama Marcella, ambaye kwa miaka mingi alikuwa ameona watu wakisimama hivyo, hakuhitaji kuambiwa. Alishika kichwa kwa mikono miwili akaguna kutoka ndani kabisa. Mwanamke wa pili akaguna. Weldon alifunika uso wake, akasema kwa sauti ya kukatika, "Sikuwahi kumwomba msamaha." Na hapo akina mama wakaanzisha wimbo wa msiba, taratibu, kwa sauti tatu, vizuri sana.

Bosire aliinua mkono kuwazuia. Walidhani anapokea rambirambi.

Nyabate ndiye aliyesimama. Alipita katikati ya viti, akafika mbele, akangoja ubeti umalizike kwa sababu kukatiza wimbo si adabu.

"Hajafa," akasema.

Kanisa likashusha pumzi. "Asante Yesu," mtu akasema.

"Hakuzaliwa pia. Hakuna Oyaro. Baba Esnah alimtunga kwa sababu mlisema mimi ninakufa. Masindi hatuna mtu."

Nje, yule jogoo wa Oyaro, aliyeletwa kanisani ili awekwe wakfu pamoja na vitu vingine, aliwika mara moja.

"Sasa mimi," Weldon akasema mwishowe, "niligombana na nani?"

"Sijui, Weldon," Bosire akasema. Ndilo lililokuwa neno lake la kwanza.

Aron alisimama taratibu. Alikuwa ameumia, lakini alitaka kwanza kuelewa. "Mama Esnah, kama hakuna mtu, kule Masindi kuna nini?"

"Maji."

"Maji gani?"

"Ya kuanguka."

"Hata hapa mto wetu unaanguka, pale chini ya daraja."

"Naujua. Nikienda pale nitakutana na Chepkirui anafua, ataniambia mtoto wa fulani ana homa, nitaweka kiondo kichwani niende." Nyabate alisema haya bila kupandisha sauti. "Siwasemi vibaya. Wagonjwa wenu nimewaona, na mimi nikiugua mlikuja. Ni vizuri. Lakini nataka mara moja nione kitu ambacho hakingoji nikiambie pole. Nikiangalie tu. Kisha nirudi nyumbani, mniambie nani anaumwa, nitaenda."

Mama Marcella alikuwa amekunja sweta ya buluu mapajani na alikuwa akiitazama kama mtu anayehesabu mishono.

Wazee walikaa siku hiyo hiyo na kuamua kwamba Ndugu Bosire, kwa kusema uongo na kuliombesha kanisa mguu usiokuwepo, apumzike ukatibu kwa miezi mitatu. Bosire aliona uamuzi ni wa haki. Kwa kuwa hakukuwa na katibu mwingine, aliuandika yeye mwenyewe, akausoma, ukathibitishwa. Jumatatu na Jumanne alizunguka na daftari akirudisha vitu, nyumba kwa nyumba, kila kimoja kwa mwenyewe. Kibuyu cha Chepkirui kilirudi na kizibo chake. Weldon hakuwa na kitu cha kurudishiwa, lakini Bosire alipita kwake pia.

"Nilimkumbuka kabisa," Weldon akasema. "Mpaka shati lake."

"Pole," Bosire akasema.

Mama Marcella alikuja Jumatano asubuhi, peke yake, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. Nyabate alimwekea chai. Mama Marcella akanywa kikombe kizima kabla ya kuanza.

"Hivi mkifika pale, mtaangalia tu?"

"Tutaangalia."

"Mmesimama?"

"Labda tutakaa kwa jiwe."

"Na nani atawakaribisha?"

"Hakuna."

"Hakuna wa kuwaambia karibu chai?"

"Hakuna, Mama Marcella."

Mama Marcella alizungusha kikombe. Bosire, aliyekuwa akifunga kamba za mfuko pembeni, aliona uso wake ukibadilika, kama wa mtu aliyekaa kwenye chumba kimoja miaka mingi na sasa ameambiwa kina mlango wa nyuma.

"Mimi nimewaona wagonjwa miaka ishirini na sita," Mama Marcella akasema. "Sijawahi kukaa kwa jiwe. Si mniandike na mimi? Sitaongea. Nitakaa upande wangu."

Bosire aliacha kamba. Alimjua mke wake. Hakuwahi kumsikia akimnyima mtu kitu, hata chumvi ikiwa ya mwisho. Aliangalia daftari, akaona tayari mahali ambapo jina la tatu lingeingia.

Nyabate aliweka mkono wake juu ya mkono wa mwenzake.

"Hapana," akasema. "Utaenda, lakini siyo na mimi."

Mama Marcella alikaa na neno hilo kama mtu aliyepewa kitu kizito akipime. Halafu akasogeza kikombe chake kiongezwe.

"Basi Karani aniandikie njia," akasema. "Nitaenda safari yangu, mwezi wa kumi na mbili. Usimwambie Aron."

Bosire alifungua ukurasa mpya, akaanza na saa ya basi.

Waliondoka Alhamisi, kesho yake baada ya kuchuna. Barabarani waliwakuta watu wakiwangoja, kwa sababu msafiri husindikizwa hata akiwa amekosea. Aron alikuwepo, akawaombea kwa ufupi. Aliombea magurudumu na dereva, akatafuta mwingine wa kuombea, akasema amina. Chepkirui alisema ng'ombe yuko mikononi mwake, na maziwa ya jioni sasa anayataka. Gari la Kericho lilipotokea kwenye kona, kila mtu alisogea mbele, ndipo ikaonekana kwamba hakuna aliyekuwa na kitu cha kutuma.

Weldon alishika mlango uliokuwa umeshafunguliwa. Alikuwa na neno la kusema, neno ambalo mtu humwambia kila anayesafiri.

"Basi mfike salama," akasema, "na mtusalimie..."

Akasimama hapo. Alimtazama Nyabate, kisha Bosire, kisha Aron, kama kuna yeyote angemsaidia na jina. Makanga alipiga bati la gari.

"Basi," Weldon akasema, "muangalie vizuri."

"Tutaangalia," Nyabate akasema, akapanda.